Majibu kwa Wanaosema "Nenda Tu"

Imeenea siku hizi miongoni mwa vijana wetu, wa pwani na wa bara, rai moja ambayo, kwa kuwa husemwa kwa ushujaa na kupambwa kwa picha za milima na bahari, watu wengi wameipokea bila kuipima. Nayo ni kwamba mtu anayetaka kusafiri peke yake nchi za nje kwa mara ya kwanza, shanta mgongoni na fedha kidogo mfukoni, hana haja ya kujitayarisha, kwani matayarisho ni jina jingine la woga, na njia yenyewe itamfundisha yote yampasayo kuyajua. Wasemao hivyo si wapumbavu, wala mimi simo katika kundi la wale wanaoichukia safari na kumtaka kila mtoto abaki alipozaliwa. Natamani kijana wa Tanga, wa Lamu au wa Kigoma aione dunia kwa macho yake mwenyewe, tena aione akiwa peke yake, maana yako mambo ambayo mtu hayaoni maadamu yumo katika kundi la wenzake. Na kwa kuwa naitakia safari hiyo ifike mwisho wake, naipinga rai hii, na nitaipinga bila kuipunguzia makali.

Kwanza niwatendee haki. Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni kwamba wako watu, nao si haba, ambao kila mwaka husema mwaka ujao wataondoka, wakaendelea kukusanya habari, kuuliza bei, kuogopa magonjwa na wezi, hata nywele zikaingia mvi na pasipoti haijapigwa muhuri hata mmoja; na kwa watu wa namna hiyo, wanatuambia, neno "nenda tu" ni dawa. Hilo nalikubali. Lakini ugonjwa wanaoutaja ni ugonjwa wa kuahirisha, na mwenye kuahirisha hutibiwa kwa kuwekewa siku maalumu ya mwezi maalumu asiyoweza kuisogeza. Hatibiwi kwa kunyimwa maarifa. Kumkataza kijana asiulize lolote kwa sababu mwingine ameuliza mno ni kuutia adabu udadisi kwa kosa lililofanywa na uvivu.

Tena yafaa tujue rai hii ilizaliwa wapi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya na Marekani waliishika njia ya nchi kavu itokayo Istanbul, ikapita Tehran na Kabul, ikaishia India na Kathmandu, wakisafiri kwa mabasi na kulala katika nyumba za wageni zilizo rahisi, mpaka mwaka wa 1979, mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti Afghanistan kulipoifunga njia hiyo. Katika hao ndimo ilimotoka sifa ya mtu abebaye shanta akaenda asijue atalala wapi. Wanaoisimulia sifa hiyo hawatuambii kwamba vijana wale walichukua pasipoti ambazo maafisa wa mipakani waliziheshimu, na nyuma yao zilikuwako balozi za nchi zenye nguvu, hata yaweza kusemwa kwamba sehemu kubwa ya matayarisho yao ilikuwa imekwisha kufanywa na serikali zao kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Wala hawatuambii, na hili ndilo la kuzingatiwa zaidi, kwamba hata hao hawakwenda bila kuuliza. Kwani mwaka wa 1973 Tony na Maureen Wheeler, mume na mke waliokuwa wameivuka Asia kwa njia hiyo, walitoa kijitabu cha kueleza njia, gharama na malazi, kwa kuwa kila waliyekutana naye aliwauliza walivyofanya, na kijitabu hicho ndicho kilichokuwa mwanzo wa Lonely Planet. Basi shirika lililopata kuwa mashuhuri miongoni mwa wabeba shanta wa dunia nzima lilianza kwa kuwajibu watu waliotaka kujitayarisha.

Wazee wetu waliovuka bahari kwenda Maskati na Bara Hindi hawakujua pasipoti. Mtindo wa pasipoti tuujuao leo uliwekewa kanuni zake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa la wakati ule, na tangu hapo dunia imegawanyika kati ya wanaopita na wanaoulizwa. Mtazame kijana wa Kijerumani anayeamka Berlin akiwa na shauku ya kuiona Zanzibar: hununua tiketi, hushuka uwanja wa ndege, hulipa dola 50 za viza palepale, na jioni yake yuko Forodhani. Sasa mtazame kijana wa Zanzibar mwenye shauku iyo hiyo ya kuiona Berlin: atalipa ada ya yuro 90 isiyorudishwa hata akinyimwa viza, ataonyesha bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ataonyesha mahali pa kulala, fedha za kumtosha, na ushahidi kwamba ana jambo la kumrudisha nyumbani, na maombi yake yampasa kuyapeleka si chini ya siku 15 kabla ya safari. Naliona jambo hili kuwa ni dhuluma, na siku ya kulisema kwa kirefu nitalisema. Lakini dhuluma haiondoki kwa kujifanya kwamba haipo, na mtu anayemwambia kijana wa pili afanye kama afanyavyo wa kwanza, kwa kisingizio kwamba roho ya safari ni moja kwa wote, amempa wasia usiomhusu, kisha akamwacha autimize kwa gharama yake mwenyewe.

Hata pale ambapo viza haitakiwi, kaunta ya mpakani iko palepale. Afisa aliyeketi nyuma ya kioo huuliza maswali machache tu, na takriban ni yale yale kila mahali: unakwenda wapi, utafikia kwa nani, una fedha kiasi gani, utarudi lini. Kijana aliyefundishwa kwamba kutojua ndiko uhuru husimama hapo hana jibu hata moja, na kule kusitasita kwake, ambako mbele ya rafiki zake kungalikuwa haiba ya msafiri huru, mbele ya afisa huwa ni alama ya mtu anayeficha jambo. Mwenzake mwenye karatasi moja iliyoandikwa jina la nyumba ya wageni, njia atakayoishika na siku ya kurudi hupita, na akishapita yuko huru kuibadili njia ile akipenda. Wala asiseme mtu kwamba kuyajibu maswali hayo ni kujidhalilisha, maana mgeni hodi hodi ni ada yetu sisi wenyewe, na nyumba ya mtu haiingiwi kimya kimya.

Watetezi wa "nenda tu" humtaja sana Ibn Battuta, wakisema kwamba alitoka Tanja mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, hana rafiki wala msafara, akazunguka dunia. Ni kweli kwamba aliondoka peke yake. Yaliyobaki wameyaacha nje. Alitoka akiwa amesoma sheria ya Kiislamu, na elimu hiyo ilikuwa ndiyo pasipoti yake, kwa kuwa kila alikofika palikuwa na msikiti, kadhi na watawala waliokuwa na haja na mtu wa namna yake. Hakuivuka Afrika ya Kaskazini peke yake, bali alijiunga na misafara, hata Tunis akafanywa kadhi wa msafara wa mahujaji. Na alipofika kwetu mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa, alifika kwa musimu, katika vyombo vya mabaharia waliojua ni mwezi gani kaskazi huvuma na ni mwezi gani kusi hugeuza tanga. Hakuna nahodha wa pwani hii aliyepata kung'oa nanga kwa shauku peke yake. Aliyekosa musimu alikaa ugenini mpaka musimu mwingine, na masurufu yake yakaisha. Utamaduni wetu wa safari, kwa hiyo, ni utamaduni wa kungoja wakati na kuujua, na hao wanaotuletea "nenda tu" kama kwamba ni urithi wa wasafiri wa kale hawakuutazama urithi wenyewe.

Nichukue mfano mmoja ulio karibu, safari ambayo kijana wa Dar es Salaam aweza kuifanya bila kupanda ndege wala kuuza shamba la babu yake: kwenda kwa reli ya TAZARA mpaka Zambia, na kutoka huko kwenda kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Ni safari ya kwanza iliyo bora, na mimi huisifu kwa kila anayeniuliza. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa Wachina katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na msafiri akiketi dirishani atapitishwa katika mbuga za wanyama, bonde la Kilombero, nyanda za juu za Makambako na Mbeya, mpaka mpakani Tunduma. Lakini na aulize kwanza kama treni ya abiria inakwenda, kwani huduma hiyo imepata kusimama zaidi ya mara moja. Na ikiwa inakwenda, ajue kwamba ratiba ni jambo moja na kuwasili ni jambo jingine, hivyo asifungamanishe siku ya kufika na basi au ndege isiyongoja. Ajue kwamba reli huishia New Kapiri Mposhi, ambako si Lusaka, na akifika usiku itambidi awe amekwisha kuamua atalala wapi. Ajue kwamba akivuka Tunduma kuingia Nakonde saa hurudi nyuma saa moja nzima, na kwamba huko hakuna anayehesabu saa kuanzia alfajiri kama tuhesabuvyo sisi. Aliyezoea kusema saa moja ya asubuhi atakuta tiketi yake imeandikwa saba, naye akilichanganya hilo na tofauti ya saa za nchi hizo mbili, basi litamwacha stendi. Kiswahili kitamfaa mpakani. Mbele zaidi atasikia Kibemba, Lusaka Kinyanja, na Livingstone, mji ulio karibu na maporomoko, Kitonga na Kilozi, na maneno kumi ya salamu na shukurani aliyojifunza mapema yatamfungulia milango isiyofunguliwa na fedha.

Kisha yako maporomoko yenyewe. Yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na mwezi wa Machi au Aprili mto Zambezi unapojaa moshi wa maji huonekana kutoka mbali sana. Lakini mwezi wa Oktoba na Novemba maji hupungua, hata upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta ule hubaki jabali kavu. Mtu aliyeweka akiba mwaka mzima, akalala juu ya kiti cha treni siku kadhaa, akafika Livingstone mwezi wa Oktoba kwa sababu aliambiwa asiulize, amefunzwa nini na njia? Amefunzwa jambo ambalo swali moja lingalimfundisha bure. Mwenzake aliyeuliza atajua kwamba wakati huo wa ukame maji husalia zaidi upande wa Zimbabwe, ng'ambo ya daraja lililofunguliwa mwaka 1905, naye atakuwa ameulizia masharti ya kuvuka na kurudi kabla hajaondoka nyumbani.

Katika afya ndiko rai hii huwa ya hatari hasa. Cheti cha homa ya manjano, ambacho nchi nyingi humtaka mtu atokaye maeneo yenye ugonjwa huo, huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya chanjo. Aliyechanjwa Jumatatu akafika mpakani Alhamisi ana karatasi mkononi na hana cheti, na hakuna ushujaa utakaozipunguza siku zile. Jema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu umri wote wa mtu, hivyo taabu ni ya mara moja tu. Dawa nazo zina sheria zake: Zambia wamepata kukamatwa wasafiri kwa kuwa na dawa za mafua na mzio zenye difenihidramini, dawa ambazo kwingineko huuzwa dukani bila maswali, na katika Falme za Kiarabu dawa yenye kodeini haiingizwi ila kwa ruhusa. Na kwa kijana wetu aendaye nchi za baridi yako maarifa ambayo hakuna njia itakayomfundisha kwa wakati: malaria aliyoibeba kutoka nyumbani yaweza kumwangusha wiki kadhaa baada ya kufika, mbele ya daktari ambaye hajapata kuiona, na daktari huyo akadhani ni mafua, basi neno la kwanza la mgonjwa na liwe kwamba ametoka nchi ya malaria na anaomba damu yake ipimwe. Anayesafiri na wenziwe huwa na wa kumsemea akizidiwa. Aliye peke yake hana, na kwa hiyo mambo haya yampasa kuyajua na kuyaandika kabla ya homa.

Hapa nitenge jambo moja, maana wapinzani wangu wana haki ya kulalamika. Wako wanaoita matayarisho kile ambacho kwa kweli ni ununuzi tu: viatu vya milimani kwa mtu asiyepanda mlima, vijichupa, vifuko na taa za kila aina, hata shanta likawa halinyanyuliki. Hayo siyatetei. Shanta la msafiri wa kwanza lisizidi kilo 10, na likiwa 7 ni bora, kwa kuwa mashirika mengi ya ndege huo ndio mpaka wa mzigo wa mkononi. Na njia ya kulipima ni kulijaza wiki kadhaa kabla ya safari, kulivaa, na kutembea nalo juani kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, kisha kutoa kila kilichoonekana hakina kazi. Kikoi kimoja, au doti ya kanga kwa mwanamke, hufanya kazi ya taulo, shuka, pazia na mto. Fedha zigawanywe mahali pawili au patatu, dola ziwe safi na zisiwe za kabla ya 2006, kwani maduka mengi ya kubadilisha fedha huku kwetu na jirani huzikataa za zamani. Na asitumaini kwamba fedha za kwenye simu zinazomtosha Kariakoo zitamjibu kila aendako. Yote haya hayagharimu sana. Hugharimu wakati na kuuliza, na ndiyo maana muuza duka hayataji.

Wengine, nao ni watu wa dini ninaowaheshimu, huipamba rai hii kwa jina la tawakali, wakisema kwamba mwenye kupanga mno amepunguza imani yake. Kila mtoto aliyepita madrasa amesikia habari ya bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga akamtegemea Mwenyezi Mungu, naye akajibiwa na Mtume kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Tawakali huanza pale ikhtiari ya mja inapokoma. Isiyotanguliwa na juhudi ni kumtwika Mola kazi aliyoiacha mtumwa wake.

Yabaki lile wanalolithamini kuliko yote, nalo ni utamu wa ghafla: mkutano usiotarajiwa, mwaliko wa mtu usiyemjua, njia ya pembeni iliyogeuka kuwa safari yenyewe. Nauthamini kama wao. Lakini na tutazame ni nani huupata. Mwenyeji wa Mpika, mji wa Zambia ulio kwenye reli ile ya TAZARA, akimwambia msafiri, "Karibu kwetu, kesho tuna harusi," mwenye masurufu ya ziada na siku za akiba hukaa, akala, akacheza ngoma, akaondoka kesho kutwa; asiye na tadbiri, ambaye fedha yake imebaki ya nauli na siku zake zimekwisha bila kuhesabiwa, hushukuru na kukimbilia basi. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, wamesema wazee, na umaskini wa asiyejiandaa huwa mara mbili, kwa kuwa hukosa hata uwezo wa kukaribishwa. Na tena humfanya mwenyeji kuwa benki na hospitali yake, akautumia ukarimu wa watu maskini kuliko yeye, kisha akarudi kuusimulia kama ushahidi kwamba dunia humtunza kila mtu.

Na nimalizie kwa wasichana, kwa sababu wao ndio walipao gharama kubwa ya rai hii. Msichana wa Mombasa au wa Ujiji atakaye kusafiri peke yake ana mpaka mmoja kabla ya mipaka yote, nao uko sebuleni kwa wazazi wake. Washauri wa "nenda tu" humwambia atoroke, au atume ujumbe akiwa ameshavuka. Mimi humwambia aketi na mama yake na baba yake, na shangazi aliye mkali kuliko wote, awaonyeshe njia kwenye ramani, nyumba atakazolala, namba za simu za mahali hapo, siku na saa ambazo atapiga simu, na fedha aliyoiweka kando isiyoguswa ila kwa tiketi ya kurudi. Shangazi atasema, "Mwanangu, na ukiugua huko?" naye awe na jibu. Si kila nyumba itatoa radhi siku ya kwanza, na nyingine hazitatoa kabisa. Lakini nyingi zaidi ya tunavyodhani hulegea pale mzee anapoona kwamba mtoto ameyawaza aliyoyaogopa yeye, tena ameyawaza kwa undani kumshinda. Kinyume chake, kila msichana aliyeondoka bila ikhtiari hizo akarudishwa mpakani, au akakwama bila nauli hata ukoo ukachangishana, huwa hoja barazani kwa miaka mingi dhidi ya wadogo zake wote. Wale wanaotaka mabinti wakae nyumbani hawahitaji msaidizi mwingine.

Basi mwenye azma ya kuyaona maji ya Mosi-oa-Tunya yakiwa yamejaa mwezi wa Aprili na aanze Novemba. Aitoe pasipoti aione tarehe yake, kwani nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele. Aende kuchanjwa na kukihifadhi cheti. Aulize stesheni habari za treni, na asiuulize mdomo mmoja tu. Aweke akiba ya nauli ya kurudi kwa mtu anayemwamini asiyemhurumia. Na jioni moja, kabla hajamwambia rafiki yeyote, awaombe wazazi wake waketi, atandaze ramani mezani.